Mfuko wa Mchanga kwenye Kiti Changu

Mume wangu ni fundi wa lifti. Kazi yake ni kuhakikisha watu wa maofisini wanapanda na kushuka salama, na akiwa kazini hana maneno mengi na mtu. Anafungua chumba cha mashine kule juu ya paa, anasikiliza mota inavyovuma, anakaza nati mbili tatu, halafu anashuka zake kwa ngazi. Ndiyo, kwa ngazi. Lifti yenyewe anaijaribu kwa vyuma vya mizani, vizito, vilivyopakwa rangi ya njano, ambavyo vimelala kwenye chumba hicho tangu jengo lilipojengwa. Anasema vyuma havina longolongo. Ukivipima leo na ukivipima mwakani, uzito ni uleule.

Sisi wenyewe tulikutana kwenye lifti. Mimi ni fundi makochi, na enzi hizo nilikuwa nimeanza tu, nina cherehani moja na mdomo mrefu. Nilikuwa nimepeleka kochi kwa wakili mmoja ghorofa ya juu. Tumo ndani, mimi na vibarua wangu wawili, kochi tumelisimamisha wima, mara kengele ikaanza kulia. Kijana mwenye ovaroli aliyekuwa amesimama nje akachungulia, akanitazama mimi, akasema, "Dada, samahani, naomba ushuke kidogo. Imezidiwa."

Watu watatu na kochi zima, yeye kaona wa kushuka ni mimi! Nikamwambia, "Nishuke mimi? Washushe hao wenye mabuti." Nikamtajia na uzito wangu palepale, kwa sauti, mbele ya makarani waliokuwa wakisubiri zamu yao, maana wakati huo nilikuwa naujua na nilikuwa najivunia. Akapiga hesabu kichwani, midomo ikimcheza, kisha akamshusha kibarua mmoja. Nikapanda na kochi langu. Mwaka uliofuata tukaoana.

Basi mtu wa namna hiyo, mpole, asiyekunywa, asiyejua hata timu gani inacheza na timu gani, ndiye aliyeniletea mke mwenza nyumbani.

Alikuja amebebwa nyuma ya lori. Gari la spoti, la milango miwili, halina injini, halina taa, kioo cha mbele kimepasuka kutoka kona hadi kona. Mume wangu alikuwa amelitoa kwenye uwanja wa magari mabovu, na alivyokuwa akiwaelekeza wapakuaji, "Taratibu jamani, taratibu hapo," ungedhani wanashusha mgonjwa. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaacha kichwa cha mteja kikiwa kimenyolewa nusu, akaja hadi getini kwetu akapaza sauti, "Shemeji, hongera! Umeletewa bi mdogo!"

Mtaa mzima ukacheka. Na mimi nikacheka. Jina likabaki.

Bi Mdogo alipewa uani kwangu. Pale ndipo nilipokuwa naanika sponji na kupanga fremu za makochi ya wateja. Fremu zikahamia kwenye korido, tukawa tunapita kwa ubavu kwenda jikoni. Juu yake mume wangu akamjengea kipaa cha mabati, na hicho kipaa hakivuji, wakati chumba chetu cha kulala kina sehemu tunayotegea ndoo kila mvua ikinyesha. Nilipomwonyesha ile ndoo alisema, "Nitapanda." Mpaka leo hajapanda.

Sikumchukia mara moja. Wivu ulikuja kidogo kidogo, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akitengenezwa kidogo kidogo. Kwanza alipata injini. Halafu breki. Halafu zikaja springi fupi zenye nati kubwa za kuzungusha, ukitaka gari lishuke linashuka, ukitaka lipande linapanda, na mume wangu aliziweka mezani tunapolia chakula akazitazama muda wote wa mlo. Zikaja rimu pana. Ikaja ekzosi ambayo siku ya kwanza ilipowashwa, paka wa jirani alikimbia na hakuonekana hadi kesho yake. Kila kipande kilikaa miezi kikisubiriwa, kikasafishwa kwa mswaki, kikafungwa, kikafunguliwa tena kwa sababu hakikumridhisha. Hana haraka mume wangu. Mwingine angelimaliza gari lile akaliuza na kununua jingine.

Kitambaa laini cha pamba nilichokuwa nimekihifadhi kabatini tangu mtoto wetu akiwa mchanga, nilikikuta siku moja kimetandikwa juu ya boneti, kinang'arisha. Siku nyingine nilimsikia amegonga spana kwenye mlango wa lile gari. Akasema, "Pole, mama." Nilikuwa dirishani, nimesimama na sindano mkononi. Juzi yake tu sindano hiyohiyo ilikuwa imenitoboa kidole, na alichosema yeye, kwa sauti yake hiyohiyo ya upole, ni kwamba damu isidondokee kwenye kitambaa cha mteja.

Nilimweleza wifi yangu, dada yake, ambaye hupita kwangu karibu kila siku kunywa chai na kunichokoza. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wifi, we mshukuru Mungu. Wenzio waume zao wako baa. Wako yuko uani."

"Walioko baa hurudi," nikamwambia. "Huyu wa uani hajarudi."

Kisha ikaja zamu ya kupunguza uzito. Gari la mbio, alinieleza, adui yake ni uzito. Basi akaanza kung'oa. Akang'oa kiti cha nyuma. Akang'oa mazulia, redio, kibweta cha majivu, akang'oa hata tairi la akiba na jeki yake. Na kila alichong'oa alikuja nacho kwenye karakana yangu, ambayo ni chumba cha mbele cha nyumba, akakiweka juu ya mizani yangu ninayopimia pamba ya kujazia mito, akasoma, akatabasamu, akaondoka. Mimi nimekaa pale nyuma ya cherehani namwangalia. Mwili wangu si wa jana. Nilikuwa najiuliza zamu yangu ya kung'olewa itafika lini.

Ndipo siku moja akaja amesimama mlangoni, mikono amejifutia kwenye suruali, akasema, "Nina viti viwili vya kuvisha. Una nafasi?"

Kama nina nafasi! Nilikuwa na makochi ya watu matatu yanasubiri, wenyewe wananipigia simu asubuhi na jioni. Niliyasukuma pembeni yote. Nilikuwa na ngozi nzuri, rangi ya damu ya mzee, niliyoibakiza kwenye kazi moja kubwa na kuificha chini ya kitanda, na sijawahi kumwambia mtu naificha kwa ajili ya nini. Nikaitoa. Kiti cha dereva nilikishona vizuri. Kiti cha abiria nilikishona vizuri zaidi. Nilipiga mshono mara mbili, nikaongeza mto mdogo pale kiuno kinapolalia, kwa sababu najua mgongo wangu unauma wapi baada ya kuinamia cherehani. Hakuna aliyeniambia kiti kile ni changu. Lakini gari lina viti viwili, nyumba ina watu wawili, mtoto yuko chuoni. Hesabu gani tena hapo?

Baada ya viti, gari likapakwa rangi. Likatoka damu ya mzee, sare na ngozi yangu. Nilifurahi, mpaka mume wangu aliposema akiwa anakula, "Yule dada wa duka la rangi ana jicho."

"Na mimi nina makengeza?"

"Sijasema hivyo."

"Umesemaje?"

"Nimesema ana jicho."

Hilo nalo nililimeza. Jumamosi iliyofuata nikatengeneza chai vikombe viwili nikatoka navyo uani, nimevaa khanga nzuri, nia yangu nikae kwenye kiti changu kwa mara ya kwanza, tunywe humo humo, gari likiwa limesimama. Nikafungua mlango. Kwenye kiti changu palikuwa na mtu.

Ulikuwa mfuko wa mchanga. Mfuko mnene wa turubai, umefungwa kamba shingoni, umeegemezwa kwenye mto wangu wa kiuno. Na umefungwa mkanda.

"Huyu nani?" nikauliza.

Mume wangu alitoa kichwa chini ya gari. "Nani?"

"Huyu aliyekaa kwenye kiti changu."

"Aa, mchanga huo. Napanga springi. Lazima gari lipangwe likiwa na uzito wa watu ndani, la sivyo litalala upande mmoja."

"Na huo ni uzito wa mtu gani?"

Akageuza spana mkononi. "Wa abiria," akasema, akarudi chini ya gari.

Wa abiria! Vikombe vyote viwili nilivinywa mwenyewe, jikoni, nimesimama.

Siku aliyokwenda kazini nikamtoa yule mgeni kwenye kiti. Mimi kubeba nimezoea, marobota ya kitambaa nayapandisha begani bila kuomba msaada. Nikampeleka hadi karakana nikamweka kwenye mizani yangu ya pamba. Kilo hamsini na mbili. Siyo hamsini, siyo hamsini na tano ya kukadiria. Hamsini na mbili kamili, na mume wangu ni mtu ambaye hakadirii kitu. Mimi na hamsini na mbili tuliagana zamani, na hatukuagana vizuri.

Kwa hiyo kulikuwa na mwanamke, mahali fulani, mwenye kilo hamsini na mbili.

Wifi alipokuja nikamwonyesha, kabla sijamrudisha kwenye kiti. Akautazama mfuko, akanitazama mimi. "Wifi, mchanga ni mchanga."

"Mchanga haupati kilo hamsini na mbili kamili kwa bahati."

"Haya basi," akasema, na najua alikuwa ananitania, jicho moja alilifumba, "labda ndo yule dada wa rangi mwenye jicho."

Angenitania kitu kingine siku ile. Roho iliniuma kiasi kwamba kesho yake asubuhi niliacha kochi la mteja limefunuliwa matumbo, nikajifunga mtandio, nikaenda duka la rangi.

Duka lenyewe ni refu na jembamba, makopo yamepangwa hadi darini, na mwisho kabisa kuna mashine inayotikisa rangi kwa kelele. Dada alikuwa amesimama pale anaisubiri imalize. Mdogo, mwembamba, koti la kazi limemzidi, vidole vina rangi saba. Nilipomtazama sikuweza kujua. Mtu huwezi kumpima kwa macho, hasa ndani ya koti. Basi nikafanya nilichofanya. Nikajitambulisha kuwa mimi ni mke wa fulani mwenye gari la spoti, nikapanua mikono, nikamkumbatia kwa furaha kubwa, na nikiwa nimemkumbatia nikamnyanyua miguu ikaachana na sakafu.

"Mama wee!" akapiga yowe, anacheka.

Arobaini na tano. Labda na sita, ukiongeza viatu. Hakuwa yeye. Nikamrudisha chini.

"Mumeo mtu wa ajabu, mama," akasema akijitengeneza koti. "Alikuja na kipande cha ngozi, kidogo hivi, akasema rangi ya gari ifuate hii hapa. Wenzake wote wanachagua rangi kwanza, viti baadaye. Nilichanganya mara nne anakataa tu."

Lilikuwa jambo zuri kulisikia, na kama ningekuwa na nafasi ndani yangu ningelifurahia. Lakini nafasi yote ilikuwa imeshikwa na kilo hamsini na mbili. Nikanunua kopo la vanishi ambalo sikulihitaji, nikarudi nyumbani na wivu wangu uleule, isipokuwa sasa haukuwa na mtu wa kumwangukia.

Siku ya kumtoa Bi Mdogo barabarani ilikuwa Jumamosi asubuhi, na mtaa ulikuwa umejaa. Kinyozi alitoa benchi lake nje, wifi alikuja amevaa miwani ya jua. Mume wangu alikuwa ameoga, amevaa shati lililopigwa pasi, akamsukuma mwenyewe hadi nje ya geti ili asipige kelele uani. Kweli alikuwa amependeza yule. Siwezi kusema uongo. Ameinama barabarani, anang'aa, na viti vyangu vinaonekana ndani.

Na mfuko umekaa.

"Unakwenda na nani?" nikamuuliza mbele ya watu.

"Leo ni kujaribu tu," akasema kwa sauti ya chini. "Siku ya kwanza nataka niende na uzito ninaoujua."

Mimi hanijui! Niliyemshonea kiti, niliyepita ubavu kwenye korido yangu mwenyewe, niliyetegea ndoo. Nikafungua mlango, nikafungua mkanda, nikambeba yule hamsini na mbili kifuani, nikavuka barabara naye, nikamkalisha kwenye benchi la kinyozi. Kinyozi akasogea kumpisha. Nikarudi, nikainama, nikaingia. Kile kiti kilinipokea kama kilivyotakiwa, kiuno kikalala pale pale.

"Nimemshusha," nikamwambia mume wangu. "Twende."

Akaangalia matairi ya upande wangu, akaingia akawasha.

Nitawaambia ukweli, dakika zile nilikuwa malkia. Mngurumo ulikuwa unapita mgongoni mwangu, watu wanapunga mikono, wifi anapiga vigelegele kwa utani na kwa kweli vyote pamoja. Mume wangu ameshika usukani kwa mikono miwili, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nikajisemea kwamba huyo mwenzangu, popote alipo, leo abaki na mchanga wake. Tukafika mwisho wa mtaa, kwenye tuta.

Tairi za mbele zikapita. Kisha upande wangu ukasema *krrrrr*, sauti ndefu, mbaya, chuma juu ya lami, mpaka nikainua miguu.

Mume wangu akazima. Akatoka, akazunguka, akapiga magoti upande wangu na kuchungulia. Watu walikuwa wameshaanza kuja. Kinyozi alikuwa mbele, wembe bado anao mkononi.

"Nini kimevunjika?" nikauliza dirishani.

"Hakuna kilichovunjika. Gari limelala upande huu."

"Shemeji umeizidi!" kinyozi akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilimwambia mume wangu, na sikujali nani anasikia, "Uliipanga kwa ajili ya nani? Niambie hapahapa. Hamsini na mbili ni nani?"

Alikuwa bado amepiga magoti, uso wake uko sawa na wangu. Alishangaa kweli kweli. "Ni wewe," akasema.

"Mimi?"

"Hamsini na mbili. Ulinitajia mwenyewe. Siku ile kwenye lifti."

"Siku ile! Hivi siku ile ilikuwa lini?"

Akafikiri, anasugua vumbi kwenye kiganja. "Hujanitajia nyingine," akasema.

Nikawa namwona yule msichana mwenye mdomo mrefu, amesimama na kochi lake, kifua mbele, anawatangazia makarani kilo zake. Miaka yote hiyo alikuwa uani kwangu. Kila springi ilikazwa kwa ajili yake, kila nati ilizungushwa ikamsubiri akae, na mimi ndiye nimepika, nimezeeka na nimeongezeka, nimekuja kukalia kiti chake gari likagusa chini. Nilimwonea wivu kuliko nilivyomwonea Bi Mdogo, kuliko dada wa rangi. Yule wa rangi angalau nilimnyanyua nikamrudisha chini. Huyu ningemnyanyulia wapi? Macho yakanijaa, nikatazama mbele, kwenye kioo, nikijifanya naangalia barabara.

Mume wangu aliomba jeki kwa mwenye gari la jirani, maana yetu aliing'oa kwa ajili ya uzito. Akaja nayo na spana yake ndefu, akalala ubavu kando ya gurudumu.

"Mshushe shemeji kwanza ndo upige jeki!" kinyozi akasema. "Utampandishaje naye humo ndani?"

Nikashika kitasa. Nilikuwa tayari nimeshaweka mguu mmoja nje.

"Usishuke," mume wangu akasema.

"Watu wanacheka."

"Waache. Usishuke. Nataka ipangwe ukiwa umekaa."

Nikarudisha mguu ndani. Gari likaanza kupanda, kidogo, kidogo, upande wangu tu. Nilisikia nati ikizunguka chini yangu, na pumzi zake, zile anazozitoa akiwa na kazi anayoipenda. Akateremsha jeki, akasimama mbali, akafumba jicho moja, akapima. Kisha akaja dirishani akainama, akaniuliza kwa sauti ambayo kinyozi asingeisikia hata angetaka, "Sasa hivi ni ngapi?"

"Wewe kaza," nikamwambia. "Nitakuambia ikitosha."

Akarudi chini. Kule nyuma hamsini na mbili alikuwa bado amekaa wima kwenye benchi la kinyozi, peke yake, hana mtu wa kumfunga mkanda. Nikamwangalia kwenye kioo cha pembeni mpaka niliposhiba.

"Inatosha?" mume wangu akauliza kutoka chini.

"Bado," nikasema, nikajisogeza vizuri kwenye kiti changu.